Bondini au kwa mwenyewe: mwongozo wa kununua gari lililotumika Kampala

Kibandiko chenyewe hakizidi kisanduku cha kiberiti. Kilikuwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka ainame. Gari lilikuwa Toyota Premio ya rangi ya fedha, imeoshwa ikang'aa, dashibodi imepakwa dawa mpaka inanukia kama duka la marashi, na kilomita zake zinasoma 83,000 na ushei. Mimi nilikuwa nimeshaipenda. Fundi wangu, mzee wa Ndeeba ambaye huja na tochi na kitambaa tu, akapiga magoti na kuweka kidole.

"Hajji, soma hapa."

"Mzee wangu, mimi Kijapani sikijui."

"Namba hazina Kijapani. Soma."

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino: 26.4, na chini yake 118,200. Ni kibandiko cha gereji ya Japani, wanachokiacha wakishabadilisha oili. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 26 ni mwaka 2014, na hiyo 4 ni Aprili. Aprili 2014 gari lilikuwa limeshatembea kilomita 118,200. Miaka kadhaa baadaye, likiwa limepaki Kampala, limetembea 83,000. Gari limerudi utotoni.

Muuzaji hakutahayari. "Hayo ni mambo ya Japani, bosi. Sisi tunauza lilivyo." Nilikasirika, lakini baadaye niliona kwamba bila kukusudia alikuwa amenipa somo lote. Gari la bondini, yaani la kutoka ghala la forodha, historia yake iko ng'ambo. Hapa Uganda halijaishi hata siku moja. Gari la mtu binafsi historia yake iko hapa: mashimo ya hapa, mafundi wa hapa, madeni ya hapa. Watu hubishana wapi ni bei rahisi, wapi kuna matapeli zaidi. Mimi nauliza kwanza historia ya gari hili iko wapi, na nitaifikia kwa njia gani. Ukishajua hilo, unajua utumie jicho lako kwenye nini.

Hatua ya kwanza: piga hesabu mpaka gari liwe na namba

Bondi, kwa asiyejua, ni ghala la forodha. Gari limetoka Japani, au Uingereza, au limepitia Dubai, likashushwa bandari ya Mombasa, likaingia Malaba au Busia, likaletwa ghalani chini ya jicho la URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, bila kodi kulipwa. Ndiyo maana magari ya Nakawa na ya njia ya Jinja hadi Bweyogerere hayana namba za Uganda. Kisheria hayajaingia nchini.

Sasa broka anapokwambia "milioni kumi na nane tu, mzee," swali lako la kwanza ni moja: na kodi, au bila kodi? Usione aibu kuuliza mara tatu. Bei ya "bila kodi" ndiyo chambo. Juu yake kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, tozo ya miundombinu, na kwa magari yenye umri mkubwa, tozo ya mazingira, ambayo ndiyo humaliza watu. Kisha ada ya usajili na namba. Tangu namba za kidijitali zianze kuja, hata bati lenyewe si kitu cha kusema "tutamalizia baadaye".

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kodi haipigwi kwa bei uliyopatana na muuzaji. URA ina thamani zake kwa kila aina ya gari na mwaka wake. Unaweza kubembeleza ukapunguziwa milioni mbili, na kodi isipungue hata shilingi. Basi kabla hujapatana, chukua aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, pata makadirio kwenye tovuti ya URA au kwa wakala wa forodha asiyehusiana na bondi hiyo. Ukijua kodi, unajua muuzaji anabaki na nini, na hapo ndipo mazungumzo ya kiutu uzima huanza.

Umri nao una mpaka. Tangu marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakuuzia Kikumi, ile Corolla ya mfululizo wa 100 ambayo Waganda waliipa jina la mia, ujue unanunua kwa mtu binafsi tu, maana bondini haiwezi kuwepo. Na mwenye mfuko mdogo, ukweli ni huo huo: magari ya bei nafuu kabisa yako mikononi mwa watu.

Kwa mtu binafsi kodi ilishalipwa zamani, hesabu ni fupi: bei ya gari, gharama ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu. Ongeza fungu la matengenezo. Mimi hutenga asilimia kumi ya bei, na sijawahi kurudi nayo nyumbani.

Hatua ya pili: jua unaongea na nani

Kati ya bondi na mtu binafsi kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye utakayekutana naye kwanza. Broka. Bondini anakupokea getini kama mwenye mali, mtandaoni anaandika "nauza gari langu, nasafiri." Picha si zake, gari si lake, hata safari si yake. Sina ugomvi na mabroka. Broka mzuri anajua bondi ipi ina gari unalolitafuta, anakuokolea siku nne za jua. Lakini sharti ujue ni broka, na ujue nani anamlipa.

Kumtambua ni rahisi. Muulize gari lilifanyiwa nini mara ya mwisho na nani alilifanyia. Mwenye gari atakwambia hata usiyouliza: ile siku lilizima Mukono, yule fundi aliyemwibia betri. Broka atakwambia "liko fiti, ssebo." Kisha mwambie unataka kuona kadi ya gari, logibuku, kabla ya kuja. Akianza kuzunguka, kata simu.

Bondini, ingia ofisini. Uliza bondi ni ya nani, na gari ni la nani, kwa sababu bondi moja inaweza kuwa na magari ya wafanyabiashara kumi waliopangisha nafasi. Utakayemlipa awe ndiye mwenye gari, na jina lake liwe kwenye hati za forodha. Uliza pia kama wanatoa risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA ulioanza 2021. Jibu lake litakuonyesha kama hapo ni biashara au ni kijiwe.

Hatua ya tatu, kama ni bondini: soma karatasi za kule

Kuna karatasi tatu za kudai, na usikubali picha ya simu.

Kuna cheti cha Japani cha kuondoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kusafirishwa. Kina namba ya chesi, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na mara nyingi kilomita. Kuna cheti cha ukaguzi kabla ya gari kupanda meli, unaotakiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kampuni zilizowahi kupewa kazi hiyo ni kama JEVIC, EAA na QISJ. Hiki nacho huandika kilomita, na namba yake unaweza kuihakikisha kwa kampuni yenyewe. Ya tatu ni karatasi ya mnada. Hii wauzaji huificha kama kadi ya kura, wakisema "hiyo hatukupewa." Gari nyingi za Japani hununuliwa mnadani, na mkaguzi wa mnada hulipatia gari alama: 4 na 4.5 ni safi, 3.5 ni la kawaida lenye michubuko, na ukiona R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Kando kuna mchoro wa gari umejaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya, S ni kutu, XX ni bati lililobadilishwa. Anayekuonyesha karatasi hiyo bila kuombwa mara ya pili, mimi humwongezea imani hata kama gari lake ni 3.5.

Ukikosa karatasi, gari lenyewe lina kumbukumbu. Tafuta vibandiko vya oili kwenye fremu za milango na chini ya boneti. Miaka ya Heisei jumlisha na 1988. Ya Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisha na 2018. Mkanda wa kiti una lebo chini kabisa yenye mwaka wa kutengenezwa, uvute mpaka mwisho. Vioo vyote viwe na alama ya aina moja. Kimoja kikiwa tofauti, kiliwahi kuvunjika, uliza kwa nini. Tairi ina tarakimu nne zilizofungiwa kwenye duara la mviringo, mbili za wiki na mbili za mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Na angalia pedali ya breki. Mpira wake ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia, na dashibodi inasema 60,000, mwamini mpira.

Namba ya chesi yenyewe, kwenye Toyota nyingi ndogo, imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Fungua boneti, pangusa vumbi, soma herufi kwa herufi ukilinganisha na karatasi. NZT260 ni Premio ya injini ya 1.5, ZRT260 ni ya 1.8, na ZRT261 ni ya 2.0. Kama umeambiwa 1.8 na chesi inasema NZT, umeshadanganywa kitu kimoja. Viko vingapi vingine?

Gari likitoka Uingereza, na hasa likiwa la kifahari, omba ukaguzi wa Interpol kupitia polisi wetu. Mwaka 2015 Lexus iliyoibiwa London ilifuatwa kwa kifaa chake cha satelaiti kupitia Le Havre, ikavuka bahari, na kifaa kikaja kutulia hapa hapa Kampala, pamoja na magari mengine ya wizi. Mtu aliyekuwa anajipanga kuinunua bila shaka alikuwa ameambiwa ni gari safi la mama mmoja wa Kizungu.

Hatua ya tatu, kama ni kwa mwenyewe: soma mtu, kisha soma daftari

Usikubali kukutana kwenye kituo cha mafuta wala sehemu ya kuoshea magari. Nenda nyumbani kwake au kazini kwake. Si kwa ajili ya chai. Unataka kuona gari linapolala. Doa la oili chini ya injini haliwezi kufutwa kwenye paving za uani kama linavyofutwa kwenye injini. Mlinzi wa geti msalimie vizuri, umpe ya soda, umuulize gari hili huamkaje asubuhi. Mlinzi hana hisa. Siku moja mmoja aliniambia, akicheka, "Hilo tunalisukuma mimi na mwenyewe kila Jumatatu." Nilirudi zangu.

Omba logibuku ya asili, kitambulisho cha taifa, na umtazame mtu usoni. Vitu vitatu hivi vilingane. Hapa ndipo penye shimo kubwa kuliko yote ya barabara ya Kampala, na nitakaa hapa kidogo.

Magari mengi ya hapa hupita mikono mitatu minne bila umiliki kuhamishwa. Mwenye kwanza alisaini fomu ya kuhamisha, akaacha nafasi ya jina la mnunuzi tupu, akamkabidhi wa pili. Wa pili akamuuzia wa tatu na fomu ile ile. Wewe ni wa nne. Anakwambia "hakuna tatizo, fomu iko tayari imesainiwa." Tatizo lipo. Yule wa kwanza huenda amefariki, na saini ya marehemu haihamishi mali. Utahitaji warithi wenye barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Huenda yuko hai na ameshalitolea taarifa gari kuwa limepotea. Huenda TIN yake, namba ya mlipa kodi, ina madeni na mambo yake ya kodi yamefungwa. Sheria yangu ni fupi: sinunui gari kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye logibuku, isipokuwa mwenye jina aje mwenyewe, na kitambulisho chake, tukae meza moja.

Kisha kuna deni. Shemeji yangu alinunua Harrier kwa kijana mmoja mstaarabu sana, logibuku mkononi, jina linalingana, kila kitu. Wiki ya tatu akatoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, gari halipo. Halikuibiwa. Mkopeshaji mmoja wa mjini alikuja na ufunguo wa akiba, akaliwasha, akaondoka nalo. Lilikuwa na kifaa cha kufuatilia chini ya dashibodi. Kijana alikuwa ameliweka dhamana, na logibuku aliyomwonyesha shemeji ilikuwa nakala nzuri ya rangi. Shemeji alibaki na mkataba na funguo mbili.

Angeweza kujua kabla. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2019, URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, ina daftari la mtandaoni ambamo benki na wakopeshaji huandikisha madai yao juu ya magari, na mtu yeyote anaweza kulipekua. Pekua kwa namba ya chesi na kwa jina la muuzaji. Hilo ni la kwanza. La pili ni upekuzi rasmi wa gari kwenye usajili, ambao uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi baada ya kuwa mikononi mwa URA kwa miaka mingi, ili ujue mwenye gari ni nani kwenye kompyuta na si kwenye karatasi. La tatu, faini za EPS: zile tiketi za trafiki hufuata namba ya gari, na trafiki atakayekusimamisha hatakuuliza ulinunua lini. Zitazame, mdaiwa alipe kabla hujamlipa yeye.

Gari la shirika au ubalozi lililoingia bila kodi lina lake. Namba ikiwa ya msamaha, kodi lazima ilipwe kwanza ndipo liweze kuwa lako. Uliza nani anailipa, na iandikwe.

Hatua ya nne: kagua chuma

Hapa bondi na mtu binafsi ni mamoja. Nenda asubuhi, jua limetoka, gari likiwa kavu. Maji na kivuli huficha rangi. Nenda na fundi wako, si fundi wa kupendekezwa na muuzaji. Mlipe yeye siku yake iwe ununue au usinunue, umwambie hivyo mapema, maana fundi anayelipwa ukinunua tu atakutafutia sababu ya kununua.

Kabla ya lolote, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, wameshaliwasha kabla hujafika. Kaa, kunywa maji, subiri lipoe, kisha uliwashe mwenyewe. Injini baridi haijui kusema uongo: moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia pasipo pake. Fungua kifuniko cha oili, utazame ndani. Ukikuta utando kama mayonezi, funga boneti uage vizuri. Kwa Noah na Premio za zamani zenye injini ya D4, ile 1AZ-FSE, msikilize fundi wako kwa masikio mawili. Wapo wanaoishi nazo kwa amani, lakini wengi niliowajua waliziuza kwa hasira.

Tazama mapengo kati ya milango na bodi, yawe sawa kulia na kushoto. Boliti za madigadi na bawaba za boneti zisiwe na rangi iliyochubuka. Boliti iliyofunguliwa ina sababu. Taa moja mpya na nyingine imefifia njano ni ajali inayokukonyeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa si methali: lala chini, tazama kutu, tazama shokabsoba kama zinalia mafuta, tazama kama kuna mahali pamechomelewa.

Kwa magari yaliyoishi Kampala, ongeza maji ya mafuriko. Bwaise na bonde la Lubigi huzama kila msimu wa mvua kubwa, na gari lililozama hukaushwa, hunyunyiziwa manukato, na kuuzwa. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, pitisha kidole kwenye pembe. Tope laini kama unga lililokauka mahali ambapo mvua haifiki lina maana moja tu.

Hatua ya tano: liendeshe, kama utaruhusiwa

Bondini hutaruhusiwa, au utazungushwa uani. Gari ambalo kodi yake haijalipwa haliwezi kutoka getini kama la mtu. Hili ndilo doa kubwa la bondi, na sioni watu wakilisema. Utasikia injini, utahisi gia ikitoka P kwenda D na kwenda R, lakini hutasikia usukani kwenye kilomita 80 kwa saa, wala mguu wa mbele ukishuka shimoni. Kwa hiyo bondini fanya unachoweza: weka D, kanyaga breki, sikiliza kama gia inagonga, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili ukitembea polepole, washa AC na feni kwa dakika ishirini ukitazama kipimo cha joto. Pima na mashine ya dayagnosis. Taa ya injini ikiwa haiwaki kabisa hata unapofungua swichi, mtu ameitoa balbu.

Kwa mtu binafsi huna udhuru. Kampala ni jiji la vilima, Mungu ametupa uwanja wa majaribio bure. Panda Naguru au Makindye, usimame katikati ya mlima, vuta breki ya mkono uachie ya mguu. Ondoka bila kukanyaga sana, usikie kama giaboksi inateleza, injini inapiga kelele na gari haliendi. Nenda Northern Bypass upate mwendo, uachie usukani kidogo uone gari linavutia upande gani. Tafuta barabara ya marram yenye makorongo, ushushe kioo, uzime redio. Muuzaji ambaye lazima redio ilie ana jambo. Mwisho ingia kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni, ukae nayo nusu saa na AC ikiwaka. Redieta mbovu na foleni ya Kampala hazijawahi kufichiana siri.

Hatua ya sita: patana, andika, lipa

Usipatane siku ya ukaguzi. Chukua orodha ya fundi, piga bei ya spea soko la Kisekka, urudi na karatasi. "Shokabsoba nne, tairi mbili, bushi za mbele, punguza hiki" ni hoja. "Punguza bwana" ni kuomba.

Bondini mkataba uandike kwamba bei ni pamoja na kodi zote, usajili na namba. Tarehe ya kukabidhi. Na kwamba ukikataliwa jambo lolote kwenye hati, amana inarudi yote. Neno "yote" liandikwe. Sheria ya mauzo ya bidhaa na huduma ya mwaka 2017 inamdai mfanyabiashara ubora ambao mtu binafsi hadaiwi, lakini mahakama ni ndefu, na bondi nyingi msimamo wao ni kwamba gari likivuka geti ni lako na mungu wako. Wakikupa la mkopo, nusu sasa nusu baadaye, soma kwa utulivu ukurasa wa kunyang'anywa: wengine ukichelewa wiki moja wanachukua gari na nusu yako ya kwanza.

Kwa mtu binafsi, mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la mtaa, ni shahidi mzuri wa kwamba muuzaji anaishi pale anaposema, na mimi humwita kwa ajili hiyo. Mkataba wenyewe mwachie wakili auandike. Uwe na namba ya gari, chesi, injini, kilomita za siku hiyo, namba za vitambulisho, na sentensi inayosema gari halina deni wala dhamana na kwamba muuzaji atawajibika likijitokeza dai la kabla ya tarehe hiyo. Saa ya kukabidhi nayo iandikwe. Wachache huiandika, na ndiyo itakayokutenganisha na ajali aliyoifanya mwenzio asubuhi ya siku hiyo.

Pesa zipitie benki. Mifuko ya noti mezani ni ya sinema. Nendeni pamoja kwenye tawi, ulipe akaunti yenye jina lililo kwenye logibuku, na kiasi fulani, mimi hubakiza sehemu ya kumi, kilipwe umiliki ukishahama. Muuzaji mwaminifu ataguna, lakini atakubali.

Hatua ya saba: hamisha wiki hiyo hiyo

Wote wawili muwe na TIN. Logibuku ya asili, mkataba, fomu, vitambulisho, picha, malipo ya serikali. Usimwachie muuzaji aseme "nitakupigia nikitoka kijijini." Kaeni pamoja mpaka maombi yaingie kwenye mfumo. Bondini kazi hii huifanya wakala wao. Wewe dai nakala ya malipo ya kodi, na logibuku itoke kwa jina lako, si la bondi.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, ikate kwa jina lako siku unayochukua funguo, hata kama ya zamani haijaisha.

Nikiulizwa mimi, mtu anayenunua mara ya kwanza, hana fundi wa kumwamini na pesa yake inatosha, namwelekeza bondini: karatasi zake zinasomeka, na hakuna mke wa pili wala mkopeshaji atakayeibuka. Mwenye fundi na subira, namwambia atafute mtu mmoja aliyelinunua gari bondini mwenyewe, akaliendesha miaka minne, na bado ana risiti za oili ndani ya droo ya dashibodi. Hao wapo, ila magari yao hayafiki mtandaoni. Huuzwa kazini, msikitini, kanisani, kwa kunong'onezana. Waambie watu kwamba unatafuta.

Ile Premio ya kibandiko sikuinunua. Nilipita pale baada ya mwezi, bado ilikuwepo, imesogezwa mstari wa mbele. Niliinama kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kibandiko kilikuwa kimebanduliwa, pamebaki pembe nne za gundi zilizoshika vumbi.